Kilwa? Kwa Nani?

Kitabu cha wageni cha nyumba ya kulala tuliyofikia Kilwa Masoko kina safu kama vitabu vya gesti nyingi nchini: jina, kazi, utokako, uendako, madhumuni ya safari. Baba Salma alishika kalamu, akajaza safu nne bila kuinua kichwa, ya tano ikamgomea. Nikachungulia begani kwake. Ukurasa mzima, waliotutangulia walikuwa wamejaza hivi: kikazi, kikazi, biashara, msiba, kikazi, semina, msiba. Dada wa mapokezi alitutazama, akawatazama watoto waliokwisha kulala kwenye kochi, akamtazama mama mkwe wangu aliyejifunga khanga mbili kwa ajili ya upepo wa jioni, akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote: "Poleni. Mmekuja msibani?"

Tulikuwa tumekuja kutembea. Baba Salma akaandika hivyo hivyo, "kutembea", na yule dada akalisoma neno lile mara mbili kabla ya kutupa funguo.

Nimelifikiria swali lake tangu turudi. Halikuwa swali la ajabu, lilikuwa swali la mtu anayelijua daftari lake: familia ya Dar es Salaam ikija Kilwa na bibi na watoto, kuna aliyefariki. Wala hakuwa peke yake. Asubuhi ile jirani yetu alipotuona tunapakia mifuko kwenye gari aliuliza, "Kilwa? Kwa nani?" Fundi aliyetujazia upepo kwenye matairi pale Mbagala aliuliza, "Kwa nani?" Trafiki aliyetusimamisha Mkuranga, baada ya kukagua leseni na kuhakikisha kila mtu amefunga mkanda, aliuliza kwa wema tu, "Mnakwenda kwa nani huko?" Siku moja, watu wanne, wasiwasi ule ule. Hoja yangu yote iko ndani ya swali hilo. Sisi wa Dar es Salaam tunajua kwenda kwa mtu, hatujajifunza kwenda mahali, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya nchi inayotuzunguka imebaki kwetu kuwa barabara tu.

Asubuhi ya siku ile Kilwa haikuwamo hata kwenye mazungumzo yetu. Tulikuwa na tiketi tano za boti ya Unguja, Jumatatu ilikuwa sikukuu, na watoto walikuwa wamelala na nguo za kuogelea chini ya mto. Lakini kusi lilivuma wiki nzima, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na saa kumi na moja alfajiri ujumbe ukaingia kwenye simu: safari imesitishwa. Kwa kusitisha, siwalaumu hata kidogo. Tunaoishi mwambao huu hatujaisahau Julai ya 2012, msimu huu huu wa kusi, MV Skagit ilipotoka Dar na abiria ikazama kabla ya kufika Unguja. Boti inayobaki gatini siku ya upepo inastahili kushukuriwa. Kilichoniuma ni kilichofuata. Nauli hazirudishwi, zinahamishiwa tarehe nyingine ndani ya muda waliojipangia wao, na nyumba tuliyokodi kule ng'ambo ikatujibu kwamba malipo ya awali ndiyo yamekwenda. Fedha tulizojibana miezi mitatu kuziweka zikageuka kuwa ahadi kwenye simu.

Saa kumi na mbili tulikuwa tumekaa sebuleni na mifuko yetu. Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ametoka Morogoro kwa ajili ya safari hiyo. Ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1983 alipangiwa kazi Masasi, akakaa huko miaka sita. Akasema, "Mimi Kilwa nimeipita mara kumi na kitu, sijaiona hata mara moja. Basi lilikuwa linasimama Nangurukuru, tunakunywa chai, tunaondoka." Akanyamaza kidogo. "Kwani gari bovu?"

Gari halikuwa bovu. Saa mbili kasoro tulikuwa Mbagala.

Hapo kwenye wepesi wa kuondoka pana jambo la kutazamwa vizuri. Safari ya mapumziko ikipangwa Dar es Salaam, hupangwa kwa mtambo mmoja tunaoujua, mtambo wa harusi na misiba: kundi la WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina, michango, fulana za rangi moja. Mtambo huo una nguvu za ajabu. Unaweza kukodi basi jioni, likasafiri usiku kucha hadi Songea, watu wakazika, kesho yake wakarudi kazini. Lakini unaendeshwa na wajibu. Hakuna anayethubutu kutokuchangia msiba. Mapumziko hayana wajibu ndani yake, kwa hiyo mtambo haushiki moto. Ukoo wetu umejadili safari ya Mikumi tangu 2021, na mpaka leo haijapata tarehe. Kilichotuokoa asubuhi ile ni kwamba kazi ngumu ilikwishafanyika kwa ajili ya safari nyingine: ruhusa kazini imeombwa, nguo zimefungwa, fedha kidogo ya matumizi ipo mkononi, bibi yupo nyumbani. Boti ilipositishwa, kilichopungua kilikuwa mahali pa kwenda tu.

Wengi huamini kwamba safari za ghafla ni za wenye fedha na nafasi. Sikubaliani. Nafasi ile tulikuwa tumeitafuta miezi mitatu. Tofauti ni kwamba hatukuirudisha kabatini pamoja na nguo.

Turudi kwenye "kwa nani". Sitaki kulidharau swali hilo, maana limetulea. Palipokuwa hapana gesti, hapana simu wala benki, ndugu ndiye aliyekuwa nyumba ya kulala, ndiye aliyekuwa ulinzi, ndiye aliyekuwa na dawa usiku mtoto akipandwa na homa. Mgeni katika lugha yetu hafiki hewani, hufikia kwa mtu. Hata methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inachukulia kwamba kuna mwenyeji, kuna shamba na kuna jembe la ziada. Na mpaka leo mtu mwenye shangazi Tanga anakwenda Tanga kwa nauli peke yake, akirudi amefungashiwa machungwa. Huo ni utajiri, nami siuombei upotee.

Una gharama yake, hata hivyo. Ramani ya nchi kwa mkazi wa Dar huwa ni ramani ya ukoo wake. Mwenzetu wa Kilimanjaro husafiri zaidi ya kilomita 500 kila Desemba, nyingi kati ya hizo akiwa anasinzia, na anaweza kustaafu hajawahi kushuka mahali popote kati ya Dar na Moshi kwa sababu nyingine isipokuwa chakula na haja ndogo. Mwambie huyo huyo twende Kilwa, kilomita zaidi ya 300 tu kutoka mjini, atakwambia ni mbali. Anapima kwa ndugu. Kilwa hana mtu, kwa hiyo ni mbali kuliko Moshi. Miji isiyo na bahati ya kuwa na watoto wengi waliohamia Dar haitembelewi, vijana wake wakikosa kazi wanahamia Dar, na ndipo sisi tunaanza kupata ndugu huko.

Ninalisema hili nikiwa nimekaa Mtoni Kijichi miaka kumi na moja, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Barabara kuu za jiji hili zilipewa majina ya zinakokwenda: Morogoro, Bagamoyo, Kilwa. Majina hayo tunayataja kila siku bila kuyasikia. Kwetu "Kilwa Road" ni viwanja vya Sabasaba, ni mwendokasi ya Mbagala, ni foleni ya Mtongani jioni. Wanangu walidhani Kilwa ni jina la mtu, kama Nyerere na Mandela.

Ilhali jiji hili linaidai barabara hiyo mambo machache sana kuliko barabara hiyo inavyolidai jiji. Gesi asilia iligunduliwa kisiwani Songosongo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba linalotokea nchi kavu Somanga na kuja mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mto Rufiji, unaoikata barabara hiyo hiyo, umefungwa juu kule kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Taa ninayoandikia makala haya, kwa njia moja au nyingine, imewashwa na nchi ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga.

Ukishapita Kongowe na Vikindu, mji unaachia polepole. Mkuranga ni mananasi na mihogo kando ya lami, kisha mikorosho, kisha minazi, kisha mikorosho tena. Kibiti tulinunua maji. Ikwiriri Mama alianza kukaa wima. Alikuwa anatafuta mto.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Lina urefu wa mita 970, na kwa mwendo tuliokwenda lilituchukua kama dakika moja na kidogo. Mama hakusema neno tangu tairi la kwanza lilipogusa daraja. Tulipofika ng'ambo akageuka kutazama nyuma, akauliza, "Ndiyo basi? Imekwisha?" Baba Salma alipopata mahali salama pa kuegesha, tukashuka, Mama akatusimulia Ndundu, kivuko cha kabla ya daraja, ya mwaka 1985. Mto umejaa, pantoni haivuki, mabasi na malori yamepanga mstari kwenye matope. Alikaa hapo siku mbili usiku na mchana. Siku ya pili abiria walichanga wakanunua kambale kwa wavuvi, wakaazima sufuria kijijini, na yeye, mwalimu mgeni asiyemjua yeyote, ndiye aliyepewa kazi ya kugawa minofu kwa sababu walimwona mwadilifu. Alituonyesha kwa vidole ukubwa wa kipande cha kila mtu. Nimeolewa kwenye familia hii miaka kumi na minne, sijawahi kuisikia hadithi hiyo. Haikuwa siri. Hapakuwahi kuwa na mto wa kuitoa.

Wakati wa masika zamani hizo, kusini ilikatika na Dar kwa wiki na wiki. Hata baada ya daraja, kilomita 60 za Ndundu mpaka Somanga zilichukua miaka mingi kupata lami. Kwa hiyo kusema kwamba watu wa Dar hawakwenda Kilwa kwa uvivu si haki. Walizuiwa na mto, wakazuiwa na tope, na kizazi kilichozuiwa kikawafundisha watoto wake kwamba huko hakuendeki. Mto umevukika zaidi ya miaka ishirini sasa. Fundisho limebaki.

Upande huo wa Rufiji iko Muhoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, kung'oa pamba na kuanzisha vita vya Maji Maji. Salma yuko darasa la saba. Alijua tarehe, alijua sababu za vita na sababu za kushindwa kwa vita kama alivyozikariri kwenye daftari. Alichokuwa hajui ni kwamba yote hayo yalitokea kwenye barabara inayopita karibu na shule yake. Aliuliza kama mwalimu wake anajua.

Somanga kila basi la kusini husimama, nasi tukasimama. Kina mama wanakuja na masinia ya samaki wa kukaanga na pweza, pilipili na chumvi zimefungwa kwenye karatasi. Niliyenunua kwake alikuwa na changu watatu waliobaki na haraka ya mtu aliyezoea kuuza dirishani, basi likiwa linanguruma. Alipoona tumeshuka na kukaa, haraka ikamtoka. Akaketi naye. Akatuonyesha kwa mkono upande ambako Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilibomoa barabara, Lindi na Mtwara zikakatika na Dar. "Siku zile," alisema, "samaki wangu nilikula mwenyewe na wanangu." Uchumi wake wote umejengwa juu ya mtu anayesimama dakika kumi. Asiposimama, au asipopita, hakuna mwingine.

Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, tulikwenda Jumapili asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Kibali kinakatwa Masoko, na kiingilio cha raia kililipwa kwa fedha ambayo haifiki bei ya kuku mzima wa kienyeji pale Kariakoo. Kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta bei hizo kwenye simu: nilizozipata zilikuwa kwa Kiingereza na kwa dola, na kama si Mama kunisukuma ningekata tamaa kitandani. Hii si hitilafu ndogo. Mtanzania anayetaka kutembea hupokewa kwanza na bei ya mtu mwingine.

Kisha kikatokea kitu ninachokikumbuka kuliko magofu yenyewe. Kijana wa kututembeza, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, alisimama mbele ya Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, akaanza maelezo yake kwa Kiingereza. Hakuwa anajikweza. Ndivyo alivyoyahifadhi, sentensi baada ya sentensi, kwa ajili ya wanaokuja. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka akafika nukta, akamwambia, "Mwanangu, hapa si ndipo kwa Waswahili wenyewe? Tuzungumze tu."

Kijana akacheka, akavua kofia, akaanza upya. Na maelezo yakawa mengine kabisa. Kwa Kiingereza alikuwa na karne na majina ya masultani. Kwa Kiswahili alikuwa na kisima ambacho bibi yake alichota maji, na ukuta ambao watoto wa kijijini hawakaribii magharibi ikiingia, na namna chokaa ilivyopatikana kwa kuchoma matumbawe, jambo ambalo babu yake alilifanya kwa mikono. Watoto wangu, waliokuwa wameanza kuchoka, wakamsogelea.

Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Kuba zake zimesimama bado, na kivuli cha ndani kina baridi ambayo huipati nje hata chini ya mwembe. Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo, liko juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba zaidi ya mia moja na katikati bwawa la kuogea la pembe nane. Mwanangu mdogo, wa miaka saba, alilizunguka bwawa lile akigusa kila pembe kwa kiganja na kuhesabu kwa sauti. Alipofika ya nane akaanza tena upande wa pili, kuhakikisha.

Dhahabu iliyolijenga kasri hilo ilitoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na bara ya Zimbabwe. Kilwa iliipitisha, ikaitoza ushuru, ikapiga sarafu zake yenyewe. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na namna zilivyofika huko haijafahamika. UNESCO iliviweka Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikavihesabu kuwa hatarini kuanzia 2004, na baada ya kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kukarabati kuta, ikaviondoa kwenye hatari mwaka 2014. Dunia imehangaika miaka mingi kukiokoa kisiwa hiki. Dar es Salaam, iliyoanza kuwa mji miaka ya 1860 tu Sultani Majid alipoichagua bandari ya Mzizima, ina mkubwa wake amekaa saa sita au saba kutoka hapo, na haimjui sura.

Nahodha wa boti yetu alinieleza jambo nikiwa nimekaa mbele naye wakati wa kurudi. Watu wa Dar huja, alisema. Huja wakiendesha magari ya wazungu. Wazungu wanapanda kisiwani, madereva wanabaki kwenye boti wakichezea simu mpaka wageni warudi. "Nawaambia pandeni, hakuna anayewazuia. Wananiambia sisi tumekuja kikazi."

Serikali imekuwa na kampeni za utalii wa ndani kwa miaka mingi, na nia yake sina shaka nayo. Ila nadhani neno lenyewe limekosewa. Mtalii, katika masikio yetu, ni mgeni wa ng'ambo mwenye kofia pana na kamera, anayelipa dola, anayelindwa. Kumwambia mama wa Tandika awe mtalii nchini mwake ni kumtaka avae nguo isiyo yake. Matangazo yenyewe yanamwonyesha simba na theluji ya Kilimanjaro, gari refu la paa linalofunguka, na yeye anahesabu kimyakimya na kugeuza ukurasa. Neno tunalo tayari, na lina umri mkubwa kuliko wizara: kutembea. Watu wa mwambao wametembea tangu zamani, wamekwenda kwa miguu na kwa jahazi kutazama miji ya wenzao, kusikiliza mashairi yao, kula vyakula vyao. Neno halikuhitaji hifadhi ya wanyama. Lilihitaji mahali pa kufikia na mwenyeji wa kusema karibu.

Sitaki kuficha hesabu, maana makala nyingi za safari huzificha. Mafuta ya kwenda na kurudi yalitugharimu karibu laki mbili. Vyumba viwili kwa usiku mbili, laki na sitini. Boti, vibali na kijana wa kututembeza, elfu sabini. Chakula laki moja na kidogo. Haikufika laki tano na nusu kwa watu watano, pungufu ya ile ya Unguja, lakini ni fedha nyingi. Kwa familia nyingi za mtaani kwangu hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi, na wala hawana gari. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kinachomzuia ni mazoea tu. Ninachoweza kusema ni kwamba mabasi ya Kilwa yapo Mbagala kila siku, kwamba mtu mmoja au wawili kwa basi na chumba kimoja wanatumia pungufu ya hizo, na kwamba wengi wetu tunaozipata laki tano tunazitoa bila kupepesa kwa sare na michango ya harusi ya mtu tusiyemfahamu vizuri. Hatuzikosi. Tunakosa ruhusa ya kuzitumia kwa jambo lisilo na mwenyewe.

Ruhusa hiyo haitolewi na wizara, ila kuna vitu wizara na halmashauri zinaweza kufanya kesho asubuhi. Bei za raia ziandikwe kwa shilingi na kwa Kiswahili pale mtu anapotafuta kwa simu. Vijana wanaotembeza wageni wafundishwe kwamba hadithi za bibi zao ni sehemu ya kazi, si porojo za pembeni. Vyoo safi viwepo Somanga na Nangurukuru, maana mwanamke mwenye watoto huamua safari kwa choo kabla ya kuamua kwa magofu. Na barabara ya Somanga ijengwe kwa namna ya kustahimili masika. Haiwezekani nusu ya mwambao iwe inaning'inia kwenye makalavati.

Tulirudi Jumatatu, tukaondoka mapema ili giza lisitukute njiani na tuiwahi Kongowe kabla foleni haijafunga. Kilwa Kivinje hatukufika, muda haukutosha. Mama alitaka kuiona boma ya Wajerumani na soko la zamani, akalisema hilo mara tatu kati ya Nangurukuru na Somanga, kisha akalala mpaka darajani. Hapo aliamka mwenyewe.

Jumanne kazini mwenzangu wa meza ya jirani aliuliza Unguja ilikuwaje. Nikamwambia boti ilisitishwa, tukaenda Kilwa.

"Kilwa? Kwa nani?"

"Hatuna mtu. Tulikwenda kutembea."

Akanitazama, akaendelea kuchapa kwenye kompyuta yake. Baada ya muda akageuka tena. "Lami imefika mpaka huko mwisho?"

"Mpaka Masoko."

"Na gesti zina neti?"

"Tuliyolala ina neti."

Akavuta kiti. Akaniuliza bei ya boti ya kwenda kisiwani, nikamtajia. Akaniomba namba ya nahodha, akaihifadhi kwenye simu, na sehemu ya jina akaandika "Kilwa".